Mkanda Wangu Katika Beseni la Askari

Mimi ni mzee wa miaka sabini na ushei, nimezika watu, nimevuka mipaka mitatu kwa miguu, lakini kitu ambacho hata leo nikikikumbuka nikiwa peke yangu jikoni nafunika uso ni suruali. Suruali tu, na wala haikuwa yangu. Watu wetu huku ugenini, hapa Campbelltown, wakiniona kwenye treni wanabonyezana, najua wanalosema, na nisipowaeleza ninyi mwenyewe mtaelezwa na wao kwa chumvi nyingi. Bora msikie kwangu.

Ilianza na mjukuu wangu Furaha, binti wa mwanangu Zawadi; Furaha huyo tulimtoa kambi ya wakimbizi akiwa mgongoni mwa mama yake. Siku moja akaniambia anataka kuwa polisi. Siku mbili nilirudisha sahani bila kuigusa (Zawadi alidhani ni meno). Siku ya tatu akarudi.

"Shokulu," akasema, ndivyo kwetu Uvira tunavyomwita babu, "mapolisi wa hapa wana chama chao cha wafanyakazi. Kila mwaka wanachagua kijana mmoja wa mtaa, wanamsaidia kusoma mpaka aingie chuo cha polisi. Wamenichagua mimi. Jumamosi wananitambulisha, wanataka mzee wa nyumba asimame pembeni yangu, aseme neno."

"Askari wana chama? Wanamlalamikia nani?"

"Serikali, Shokulu."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Askari naye ana wa kumlilia! Lakini ni kweli, baadaye nilielezwa, wana chama kama sisi wa kanisani tulivyo na chama chetu cha mazishi, wanazikana, wanamtembelea mjane wa mwenzao, wanabishana na wakubwa juu ya saa za kupumzika. Na hata siku ile mvua ilipojaza maji barabara ya chini, wale wanaume wenye kaptula waliobeba magodoro ya jirani yetu Mama Neema kichwani walikuwa wao, siku yao ya mapumziko. Mimi nilikula mkate wao siku ile. Sikujua ni askari, ningejua ningekimbia.

"Utakuja?"

"Nitakuja."

"Una suruali nzuri?"

"Ninayo," nikasema.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Sikuwa nayo, ile moja niliiunguza kwa pasi, lakini nikaona haya kusema, nikaenda kwa shemasi Wilondja, mtu wa mwili, paja lake moja ni mimi mzima. Akaniangalia. "Papa Lukasi, hii itakumeza." Nikamwambia usijali, nina mkanda. Na mkanda kweli ninao, mmoja, wa ngozi, wa zamani sana, habari zake zinakuja.

Jumamosi Furaha na mama yake walitangulia kupanga viti, mimi nikafuata kwa miguu. Nilipofika kwenye jumba la chama chao nikaona mlango umejaa sare, sare kushoto, sare kulia. Mlangoni alisimama kijana wa polisi mwenye mashavu mekundu, ameshika beseni la buluu. Kila anayeingia anatupa kitu ndani, anacheka, anapita. (Zilikuwa karatasi za bahati nasibu, mshindi anapewa sinia la nyama. Yangu Furaha aliniwekea mfukoni mwa koti na akanieleza, lakini alinieleza kwa Kiingereza na mimi Kiingereza nakiitikia tu kwa kichwa.) Yule kijana akaniambia maneno, nikashika mawili, "weka" na "hapa", na kidole chake kinaonyesha beseni.

Sasa ninyi mliokulia kwenye amani mtaniona mjinga. Kwetu, enzi zile, ukivuka mlango wa askari, kabla hujaulizwa jina unavua mkanda, unachomoa kamba za viatu, unaweka mezani, unashusha macho. Na unafanya haraka, maana ukichelewa wanakusaidia. Mikono yangu haikuniuliza. Ilivua, ikachomoa, ikaweka vyote kwenye beseni, na yule kijana alikuwa ameshageuka kumshikia mlango mama mwenye kigari cha mtoto. Nikatia mkono mfukoni, nikaikamata suruali kwa ndani, nikaingia nikiburuta viatu kama bata.

"Baba, mbona umejishika hivyo?" Zawadi akanong'ona. "Tumbo?"

"Tumbo," nikasema. (Uongo wa pili.)

Mwenyekiti wao alikuwa mama wa nywele nyeupe, polisi wa miaka mingi. Akamwita Furaha jukwaani, watu wakapiga makofi, mtoto amevaa blauzi nyeupe, anang'aa, na mimi nikaanza kupanga neno langu la baraka kichwani. Lakini kabla ya neno la babu wakaleta beseni, wachague mshindi wa nyama. Yule mama akafumba macho, akaingiza mkono, akavuta.

Ukatoka mkanda wangu.

Aliuinua kama aliyeokota nyoka, ukumbi mzima ukacheka, akauliza kwa kipaza sauti, na hilo nililielewa, wa nani huu? Jukwaani Furaha aliutazama na kicheko kikamtoka usoni, aliujua. Na mimi? Ofisa ameinua kitu chako mbele za watu anauliza ni cha nani, unafanya nini? Unasimama na unainua mikono. Yote miwili.

Suruali ya shemasi haikusita hata kidogo. Ilishuka mpaka kwenye viatu, nami nikabaki na nguo ya ndani yenye kangaruu wadogo wekundu, zawadi ya Krismasi. Walicheka jamani. Kuna mzee mmoja alipiga meza. Halafu kicheko kikapungua, kikakatika kabisa, kwa sababu mimi sikuwa nimeshusha mikono. Suruali iko chini, mikono iko juu, nimefumba macho, nasubiri.

Nikasikia mtu ananipandisha suruali. Ni Furaha. Mtoto huyu tangu aanze shule hunijibu Kiingereza, lakini siku ile alisema Kiswahili, polepole, kama anaongea na mtoto. "Shokulu, shusha mikono. Shusha. Hakuna atakayekufanya kitu."

Mwenyekiti akashuka na mkanda mkononi, akauliza jambo. Furaha akatafsiri: "Anauliza ni nani alikufundisha kuvua mkanda mlangoni."

Ningedanganya kwa mara ya tatu, niseme tumbo. Lakini nilichoka. Nikasema, mkanda huu si wangu, ni wa mdogo wangu Amisi. Alikamatwa njiani hana kitambulisho, akauvua kaunta kama wote. Siku ya tatu tukaitwa, tukakabidhiwa mkanda na kamba za viatu. Yeye mwenyewe hatukukabidhiwa.

Furaha alianza kutafsiri, akafika katikati, akanigeukia. Hakuwa akijua. Hata Zawadi hakujua, sikuwahi kumwambia mtu, na nikaja kulisema siku ya furaha ya mtoto, mbele ya watu anaotaka kuwa wenzake, huku nimeshika suruali. Neno la baraka sikulisema. Hakuna aliyekumbuka kuniuliza.

Walimsaidia, sikatai, walitimiza yote waliyoahidi. Leo Furaha ni polisi upande wa Penrith, ni mwanachama pia, wakiwa na zamu ya kupeleka wazee hospitali huwa anakwenda. Mimi nimeapa kutoazima suruali ya mtu, na beseni lolote nikiliona mlangoni nauliza kwanza ni la nini.

Lakini mjukuu wangu hajawahi kuingia kwangu na sare. Jumapili akitoka kazini anapitia kwangu, anaegesha gari ng'ambo ya barabara, nami namwona kupitia pazia akivua shati la kazi, akivaa sweta, akilikunja lile shati na kulificha nyuma ya kiti. Ndipo anagonga. Kila Jumapili napanga kumwambia, mwanangu, ingia nalo, nikuone. Kila Jumapili anaingia, ananiuliza, "Shokulu, umekula?"

Nami najibu nimekula.