Siku Nilipowajibu Wakwe

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku wakwe walipokuja kwetu Katoyi kumposa dada yangu Furaha. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimepewa kazi ya kupitisha soda, na nilitaka kuifanya sawasawa.

Desturi yetu unaijua: wageni wakija kuposa, wenye nyumba hujifanya hawajui wamefuata nini, hata hujigamba kwa wachumba wa kubuni. Mimi sikuijua. Kila mtu alidhani naijua, basi hakuna aliyehangaika kunieleza.

Mjomba, aliyekuwa msemaji wetu, akawaambia, "Hapa mulipotea njia. Na kama munatafuta binti, vijana wengi walitangulia kuja mbele yenu."

"Ni banani hao?" akauliza baba wa bwana harusi, akitaka majina yao, huku anacheka.

Mjomba akakuna kidevu. Nikadhani amesahau, na mimi huwa sisahau majina. Nikaweka sinia chini, nikamtaja mwalimu mmoja aliyewahi kuposa, mwezi aliokuja, na jinsi Furaha alivyolia siku tatu baba yetu alipomkataa mwalimu huyo.

Hakuna aliyecheka tena. Baba wa bwana harusi akainuka, watu wake wakamfuata nje, wakasimama kando ya ukuta wa mawe ya volkeno wakinong'ona. Mama alikuwa ameshika kichwa. Mimi, usinicheke, nilikuwa nangoja mtu aniambie asante.

Mjomba aliwabembeleza saa nzima ndipo wakarudi ndani. Harusi ilifungwa, lakini shemeji aliendelea kumuuliza dada habari za mwalimu yule miaka na miaka. Kosa hilo ni langu, na linaniuma mpaka leo.

Siku ile wageni walipoondoka nilijificha jikoni. Furaha akanifuata. Nilijua nitapigwa, lakini alikaa tu karibu nami.

"Uliniumiza sana," akasema. "Lakini hakuna mutu alikuambia kama ule ni muchezo. Kuanzia leo, mbele ya kwenda kwenye sherehe yoyote, utaniuliza."

Nimemuuliza tangu siku hiyo. Iwe matanga, iwe ubatizo, nampigia simu: watasema nini, nitakaa wapi, nikiulizwa nijibu au ninyamaze? Watu wanasifu adabu yangu, kumbe yote naambiwa na dada.

Sasa daktari amesema wewe una usonji. Sisi neno hilo hatukuwa nalo, tuliitwa wajeuri, basi. Sikia, mwanangu: usijifunze uongo ili ufanane na wenzako. Tafuta mtu mmoja asiyechoka na maswali yako, umuulize kabla ya kutoka nyumbani, hata kama swali unalionea haya. Ukikosea, omba msamaha siku hiyohiyo, kisha ule, ulale.

Mungu akulinde, akupe mtu wa kukwambia mapema. Na mpaka umpate, niulize mimi.