Nywele za Mlimani

Kuhusu hekalu lile la Kihindu, kule kusini mwa India, kinachonijia kwanza si minara wala kengele, bali nywele za watu zilizonata kwenye nyayo zangu. Tulipanda mlima peku, mimi na mwenzangu ninayeishi naye kwenye fleti ya Al Thumama, Doha. Tunafanya kazi hoteli moja ya West Bay, yeye mapokezi, mimi ofisi ya wafanyakazi. Mumewe alipopasuliwa moyo, mwenzangu alimwekea mungu wa mlima ule nadhiri ya nywele zake. Mume alipona. Mimi, Mkenya na Mkristo, nilimsindikiza kwa kuwa aliniomba, na kwa udadisi.

Ukumbi wa kunyolea ulinichefua. Maji ya kijivu yalitambaa sakafuni yakikokota nywele, na watoto walilia hadi wakatapika maziwa. Vinyozi walinyoa bila kuinua macho. Nilijiziba pua kwa mtandio. Msuko wa mwenzangu, uliomfika kiunoni, ulikatwa ukatupwa ndani ya pipa, juu ya misuko ya wengine.

Kwenye foleni ya kuingia ndani alinisimulia kisa cha mahali pale. Mchungaji wa ng'ombe alimpiga mungu yule shoka kichwani bila kumjua, na penye kovu nywele zikakataa kuota. Mwanamke wa mlimani akakata zake, akazibandika juu ya kovu. Mungu akaapa kwamba nywele zote zitakazotolewa pale zitakuwa za mwanamke huyo. Nilimuuliza zile za kwenye pipa huenda wapi. Akasema huuzwa, fedha zikawalisha mahujaji, na nyingi huishia kuwa wigi. Alilisema kwa utulivu, huku akijipapasa upara uliopakwa liwa, unga wa msandali.

Tuliporudi Doha, msimamizi wa mapokezi, mwanamke Mkenya kama mimi, alikitazama kichwa kile kama aliyeona mende kwenye supu. Alinieleza mimi, kwa Kiswahili, mwenzangu akiwa amesimama pale pale, kwamba wageni hawaji hoteli kama ile kupokewa na mtu anayefanana na mgonjwa. Jioni alileta wigi ndefu katika mfuko wa plastiki, yenye lebo ya nywele halisi kutoka India. Mwenzangu asingeivaa, mkataba wake usingeongezwa, na dawa za mumewe zilitegemea kazi hiyo.

“Dada, mwambie aache ushamba,” alisema akicheka. “Hizi ni za kwao kabisa. Si atajisikia yuko nyumbani?”

Nilifikisha ujumbe, kicheko nikakiacha. Mwenzangu aliipima wigi kiganjani, akairudisha mfukoni polepole.

“Akka,” akaniambia, yaani dada kwa lugha yao, “hizi ni za yule mwanamke. Nilishampa. Siwezi kuzichukua tena nikazivaa.”

Nilipendekeza kitambaa cha kichwani, msimamizi akakataa. Ndipo mwenzangu mwenyewe alipoomba kuhamishiwa chumba cha simu, kule chini karibu na dobi, na msimamizi akakubali upesi, maana huko haonekani na mgeni yeyote. Mkataba ukaongezwa. Sasa anawasalimu kwa sauti wageni wale wale waliosemekana wangekirihika kumwona. Kinyaa cha ukumbini kilikwisha nilipoosha miguu. Hiki cha hotelini sikujua nikioshe kwa kitu gani.

Ijumaa moja, baada ya ibada, tulikusanyika Wakenya kadhaa kwenye nyumba moja ya Al Wukair kula pamoja. Msimamizi aliingia amevaa wigi ile ile. Alisema ingekuwa dhambi kuiacha ioze kabatini. Aliinamia sufuria ya pilau anipakulie, na ncha za nywele zikalala juu ya wali. Akazirusha mgongoni kwa vidole vyenye mafuta, akaniuliza kama zimempendeza.

Niliweka sahani chini, nikamwambia nimeshiba.