Kisigino cha Kushukia Tawa

Mume wangu ameendesha magari miaka yote hii bila kugonga hata kuku, kisha akaja kuvunjika paja kwa kuanguka kutoka kwenye mparachichi. Nasema hili mapema kwa sababu watu wengi hudhani ilikuwa ajali ya barabarani, na yeye huudhika sana akidhaniwa hivyo. Alitiwa chuma ndani ya mfupa, akarudishwa nyumbani kwetu juu ya Kikima, akaambiwa kila baada ya wiki mbili aende hospitali ya mjini Wote kufanyishwa mazoezi ya mguu. Mama wa mazoezi hakumficha kitu. Goti likiachwa bila kukunjwa litakauka vile vile lilivyo, na atatembea kwa magongo maisha yake yote.

Ndivyo nilivyogeuka dereva. Leseni nilikuwa nayo, na gari letu dogo la giya za mkono nilikuwa nalijua, ila nililijua la kwenda sokoni, ninakoshona sare za shule, na la kwenda kanisani Jumapili. Mteremko wa kwenda Tawa, njiani kwenda Wote, sikuwahi kuushuka nikiwa nimeshika usukani. Hiyo ilikuwa kazi yake, na mimi nilikuwa wa kukaa pembeni na kumwambia apunguze mwendo.

Safari ya kwanza ilikuwa aibu. Kwenye mteremko mkali hutegemei breki peke yake. Unarudisha giya chini ili injini ikushikie gari. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba ukitoka ya tatu kwenda ya pili na kuachia klachi hivi hivi, injini inakuwa inazunguka polepole kuliko magurudumu, na gari linajikaza ghafla kama punda aliyeona nyoka. Kila nilipofanya hivyo mume wangu alirushwa mbele, lile paja likavutwa, naye akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mtu huyu alizika wazazi wake wote wawili bila kupiga yowe. Nilihesabu kona mpaka nikaacha, nikawa nasema pole, pole, mpaka akaniambia ninyamaze niangalie barabara.

Jirani yetu anayeuza kabeji alinipa dawa. "Wee mama, unajisumbua bure," aliniambia. "Toa giya, weka frii, iteremke yenyewe. Sisi wote tunashuka hivyo, na mafuta unasevu." Ni kweli, huku kwetu milimani karibu kila mtu hushuka frii. Hata gari la kwaya hushuka frii, watu wakiwa wanaimba ndani.

Basi safari ya pili nikaweka frii. Lo, raha iliyoje! Gari lilitiririka kimya, bila kushtuka hata kidogo, nami nikajiona bingwa. Mume wangu alikuwa amefumba macho. Alipogundua kwamba injini haisikiki ikivuta, aliyafumbua.

"Umeweka nini?"

"Frii. Si unaona vile inaenda smooth?"

"Aiya! Rudisha giya! Rudisha saa hii!"

Sikuweza. Mwendo ulikuwa umeshakuwa mkubwa, giya ikagoma kuingia, ikawa inalia tu kama bati linalokwaruzwa. Nilikanyaga breki mpaka pedali ikaanza kuwa laini chini ya mguu wangu. Tulisimama karibu na Tawa, pale barabara inapotulia, magurudumu yakitoa moshi na harufu ya kitu kilichoungua. 

Tulingoja breki zipoe, tukaenda Wote, tukarudi. Jioni hiyo akiwa kitandani alisema, bila hasira, "Mimi siendi tena. Ukitumia giya naumia, ukiweka frii tunakufa. Wacha mguu ukauke."

Nilikasirika siku tatu nzima. Nilimkasirikia yeye kwa kukata tamaa haraka hivyo, nikaukasirikia ule mparachichi, na zaidi nikajikasirikia mimi, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Siku ya nne nilikumbuka jambo. Huyu mtu alikuwa akiushuka mteremko ule ule na mayai kwenye kiti cha nyuma, hata moja halipasuki. Alifanyaje?

Nilimuuliza nikiwa nimesimama mlangoni, mikono kiunoni. Akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke.

"Kisigino," akasema.

Akanieleza. Zamani aliendesha lori kuukuu lililobeba maembe kutoka Kanyangi, na giya zake zilikataa kuingia mpaka uipandishe injini kwanza. Lakini mlimani mguu wa kulia uko kwenye breki, na huwezi kuutoa. Kwa hiyo unaacha vidole kwenye breki, halafu kwa kisigino au ubavu wa mguu huo huo unaigusa pedali ya mafuta, kidogo tu. Injini inanguruma, giya inaingia, klachi inaachiwa, na gari halishtuki kwa sababu injini na magurudumu vinakwenda sawa. Alikuwa akifanya hivyo kila siku nikiwa nimekaa kando yake, na mimi nilidhani ule mngurumo ni madaha ya wanaume.

"Nifundishe," nikamwambia.

"Utaweza wewe?"

Swali hilo nusura limfanye alale njaa.

Alikaa kwenye stuli uani, mguu mbovu ameunyoosha juu ya debe, mlango wa gari ukiwa wazi, na mkononi ana kijiti cha kunigusa kifundo cha mguu. Tulianza injini ikiwa imezimwa. Mara nilikanyaga breki mno, mara mafuta mno, mara vyote viwili kwa pamoja. "Umekanyaga kama unaua mende," alinambia. Nikavua viatu. Ndipo mguu wangu ukakumbuka kitu usichohitaji kufundishwa na mtu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na miaka yote nimekuwa nikiiendesha kwa mguu mmoja, vidole vikishuka kisigino kikipanda, kisigino kikishuka vidole vikipanda, huku akili iko kwenye mshono. Nilipoacha kufikiria magari na kufikiria kola ya shati, mguu ulilala vizuri juu ya pedali zile mbili.

"Hapo hapo," akasema. "Sasa usijivune."

Nilijivuna. Kisha tukawasha injini, na ikanibidi nianze upya kwa sababu mikono nayo ilitaka kufunzwa. Wiki nzima nilifanya mazoezi kwenye kimteremko cha kanisani, peku, huku akina mama wa ushirika wakiuliza kama gari lina kifafa.

Siku ya kliniki ilipofika alikataa kuvaa. Nilimwambia tutashuka mpaka kona ya kwanza tu, akiumia nageuza gari. Alikubali ili ninyamaze. Nilimwekea mto chini ya paja, naye akashika kiti kwa mikono miwili.

Kona ya kwanza: vidole kwenye breki, klachi chini, kisigino kikagusa, injini ikanguruma, ya pili ikaingia. Nilingoja ile sauti yake. Haikuja. Kona ya pili, haikuja. Ya tatu niliharakisha, gari likajikaza kidogo, akavuta pumzi kwa meno, nami nikahisi machozi. "Endelea," akasema. Nikaendelea.

Nusu ya mteremko nikamsikia anasema, "Hebu ona matuta ya huyu mtu. Mvua ikinyesha shamba lote litahamia Tawa." Nikamtupia jicho. Alikuwa ameachilia kiti na anaonyesha shamba la watu kwa kidole. Halafu akamsema mwenye shamba la pili kwa kupanda mikaratusi karibu na mto, na wa tatu kwa uvivu tu. Tangu aanguke hakuwahi kuwa na nafasi ya kusema ubaya wa mtu. Nililia waziwazi, usukani mkononi, na sikuthubutu kuinua mkono kufuta uso, maana yote miwili ilikuwa na kazi.

Kule Wote goti lilikunjwa, akapiga kelele kama kila mtu anavyopiga huko, likakunjwa tena zaidi. Mwishoni mama wa mazoezi akachukua kadi na kalamu, akamwuliza kama atarudi au ndio ametutoroka, kwa sababu alikuwa amesikia fununu.

Mume wangu alikuwa anafunga kamba za viatu, polepole, akiinama mwenyewe.

"Mimi sijui," akasema. "Uliza dereva wangu."

Nikasema wiki mbili, asubuhi na mapema.