Siku Tatu Ndani ya Maji

Jirani yangu hapa Koboko alikimbia kwao, akavuka mpaka wa Oraba na watoto wawili na simu moja. Kwao walikula mtama. Muhogo mchungu hakuujua. Asubuhi moja nilimkuta anautoa kwenye ndoo, mgumu vilevile kama alivyoutia jana yake, anataka kuuanika.

"Rudisha kwa maji," nikamwambia.

"Haboba, simu inasema siku moja iko sawa." Haboba ni bibi, kwa lugha ya kwao.

"Hiyo simu imezaa watoto wangapi?"

Akacheka, lakini akaurudisha. Muhogo ule ukitolewa mapema una sumu. Nimeona mtu mzima akitapika mpaka miguu ikamlegea, sembuse mtoto. Nikaomba simu nisome mwenyewe. Ilikuwa kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika. Na mimi naandika humo.

Shule niliishia darasa la tatu. Kiswahili nilikipata kambini, maana mume wangu alikuwa askari, na kusoma nilikomaza kwa Biblia. Uzeeni mwalimu mmoja wa kike akakusanya wanawake kule Mvara, akatufundisha kuandika katika kamusi elezo kwa simu. Wengi waliacha. Mimi siachi kazi katikati.

Basi nikafuta "moja", nikaweka "tatu". Kesho yake nikakuta moja. Nikaweka tatu tena. Hata uji haujapoa, moja imerudi. Aliyerudisha ndiye aliyeandika sehemu ile yote, mtu aliyejitambulisha kuwa wa Arua mjini, nisiyemjua sura. Kila ukurasa una mahali pa kubishana, wanapaita majadiliano. Nikamfuata huko.

"Mimi ni bibi," nikaandika. "Nililoweka muhogo kabla hujazaliwa. Ni siku tatu, na baridi ikiwa nyingi ni nne."

Akajibu: "Bibi, hapa hatuandiki maneno ya jikoni."

"Na ulichokula leo kimetoka wapi? Posta?"

Tukavutana hivyo mpaka mkabidhi akaingia. Mkabidhi ndiye msimamizi wa kurasa, naye hana mzaha. Akaufunga ukurasa na kuandika: "Nyote wawili leteni chanzo. Atakayeanza tena bila chanzo, nitamzuia." Ukurasa ukafungwa na ile "moja" ikiwa imekaa humo kama mwenye nyumba. Hilo ndilo lililoniuma. Jirani yangu ana mimi ng'ambo ya ua. Je, wanawake wengine waliovuka kama yeye, wana nani?

Nikampigia mwalimu.

"Mama, chanzo ni kitabu au gazeti," akasema. "Mikono yako si chanzo."

"Mikono hii imelisha watoto saba."

"Najua, Mama. Lakini msomaji aliye mbali ataihakiki vipi?"

Sikupenda, ila alisema kweli. Nikakaa chini nikasoma sehemu yote ya yule mtu, mstari kwa mstari. Siku zote nilikuwa natazama ile namba tu, kama mtu anayekodolea macho jiwe moja ndani ya maharage. Sasa nikafika mahali paliposema: mpaka kidole kiingie bila kuuliza.

Nani anasema hivyo? Mimi nasema hivyo!

Nikakumbuka. Zamani kidogo, watu wa kilimo walikuja Dadamu, nilikokuwa nalima na kikundi cha akina mama. Mmoja wao alinirekodi nikieleza muhogo. Baadaye walituletea kijitabu, kila mama chake. Changu nilikitia sandukuni. Sikukisoma hata siku moja. Mtu anasoma ya nini maneno aliyoyasema mwenyewe? Huo ulikuwa ujinga wangu, nakubali.

Nikafungua sanduku. Ukurasa wa sita: maneno yangu, na siku ni tatu. Nikaweka simu pembeni ya kijitabu, nikapitisha kidole. Yule mtu alichukua yote. Kijitabu kinasema ndoo, yeye beseni. Kijitabu kinasema mkeka, yeye turubai. Kijitabu kinasema siku tatu, yeye siku moja. Kama mtu aliyeiba baiskeli akaipaka rangi, akapaka mpaka breki.

Nilichapa kwenye majadiliano kwa kidole gumba mchana mzima, mstari wa kijitabu juu, wa kwake chini, na namba ya ukurasa. Mkabidhi akamuuliza yule mtu. Akajibu: "Nilibadilisha machache ili yasifanane."

"Kwa hiyo siku nazo ni za kubadilisha?" nikamwandikia. "Umewahi kuonja muhogo wa siku moja?"

Mkabidhi akafuta sehemu yote, akampa onyo, akasema tuandike upya.

Nikataka kuweka maneno yangu ya kidole. Mwalimu akanizuia. "Mama, yamechapishwa katika kijitabu cha watu, nao hawajatoa ruhusa. Andika mengine."

"Nijiibie mwenyewe nikamatwe?"

"Ndiyo, Mama. Yatafutwa kama yake."

Nilinung'unika, kisha nikamenya muhogo. Niliutia ndooni mbele ya mlango, nikakaa nao siku tatu, na kila nilichokiona niliandika kwenye majadiliano: maji yanavyotoa povu, harufu inavyokuwa kali siku ya pili, na siku ya tatu, ukiuminya, unavunjika kama mkate uliolowa chai. Chini nikaweka chanzo: kijitabu, ukurasa wa sita.

Mkabidhi alisoma, akafungua ukurasa, akaweka maneno yangu kama yalivyo, bila kugusa hata nukta. Nilipiga vigelegele peke yangu uani, kuku wakakimbia. Jirani akachungulia, "Haboba, kuna harusi?" Nikamwonyesha simu. Akasoma kwa sauti, polepole: siku tatu. Akasoma tena, akaipiga picha sehemu ile na kuwatumia dada zake walioko kambi ya wakimbizi.

Juzi mtu mgeni aliandika siku mbili. Kabla sijavaa miwani, yule wa Arua alikuwa ameshaweka tatu na kumwonyesha kijitabu. Mambo ya shukrani sikumwandikia. Nilimwuliza kama anajua kuanika, maana sehemu hiyo bado haijaandikwa upya.