Lodi Aliyempa Bibi Shikamoo

Wee acha tu, ndugu yangu. Juzi asubuhi, huku ughaibuni, kwenye hoteli ya mtaa wa West Bay ninakohudumia meza, mzee mmoja wa Kiingereza alionja uji wake, akausukuma kando, akanung'unika kwa Kiswahili safi: "Hauna tangawizi." Nikaliona lile kovu la kidevuni nililolizoea tangu utotoni, nikamjua.

Nililelewa na bibi yangu Lushoto, kwenye shamba la chai. Mzee huyu alizaliwa palepale shambani, na yaya wake alikuwa Bibi. Alipokua akapelekwa kwao, akarithi cheo cha baba yake, akawa lodi na mwanasiasa wa chama cha wahafidhina. Lakini kila kiangazi alirudi. Siku ya kufika kwake nilitwanga tangawizi ya uji wake tangu alfajiri, moshi wa kuni ukinitoa machozi, maana lodi hakuanzia nyumba kubwa. Alianzia jikoni kwetu. Alivua kofia, akainama mlangoni: "Shikamoo, mama." Wafanyakazi wakichungulia, Bibi aliitikia "Marahaba" kwa raha zake, kisha akamgombeza kwa kukonda. Loo, tulivyojivuna!

Shamba likauzwa, akaacha kuja. Bibi hakukubali. Kila kiangazi niliamriwa kutwanga tangawizi, naye akaketi kigodani na kanga yake mpya. Jirani alipomcheka, alimjibu, "Chama chake si kinatetea mambo ya zamani? Basi mimi si wa zamani?" Nilimwonea huruma mpaka hasira zikanipanda. Alifariki akimngoja.

Basi nikamwamkia mzee, nikamwambia mimi ni mjukuu wa nani. Akanishika mkono.

"Mama hajambo?"

"Alishatangulia, mzee."

Akauliza, "Aliacha lini kuningoja?"

Ningeweza kumpoza kwa uongo. Sikutaka.

"Hakuacha."

Mzee wa watu akalia mbele za wageni, kitambaa cha meza machoni. Mimi nikaingia jikoni kutwanga tangawizi. Mpishi wetu Mkenya akauliza, "Kwani huyo mgeni ni nani?" Nikamjibu, "Mtoto wa bibi yangu."

Aliunywa uji wote. Alipoinuka, akainama vilevile kama mlangoni kwetu, macho kayafumba: "Shikamoo, mama."

Jiko lile la Lushoto limeshabomolewa, hata kigoda sijui kilikwenda wapi. Nilitamani nimjibu, jamani. Lakini shikamoo ile haikuwa yangu, na mwenye kuiitikia hayupo tena.