Ngozi ya Ndama kwenye Shokapu

Nianze na ujinga wenyewe, maana majirani watawaambia tu: nilichukua ngozi ya ndama wa mama, nikaikata vipande viwili, nikaivalisha pikipiki ya baba.

Ndama alikuwa amekufa akiwa na wiki mbili. Kwetu ngozi ya ndama aliyekufa haitupwi. Inaanikwa, inanyunyiziwa chumvi, na kila asubuhi ng'ombe anawekewa mbele ya pua. Anailamba, anaona mwanawe yupo, anaachia maziwa. Asipoiona anabana, na anakutazama kama mwalimu wa zamu anavyomtazama mchelewaji. Mwenye maziwa pale nyumbani alikuwa huyo mmoja tu, na mdogo wangu wa kike alikuwa hajaota hata jino la kutafunia ugali.

Sasa baba. Baba ni mnyapara kwenye shamba la ngano la serikali, na shamba limempa pikipiki. Wakati wa mavuno vumbi na makapi ya ngano yanaganda kwenye vile vyuma vinavyong'aa vya shokapu za mbele. Vyuma vikizama na kupanda, uchafu unachana sili, ile mipira inayozuia oili, na oili inavuja mpaka kwenye tairi. Sili zilikuwa zimeshachanika mara mbili. Bosi wake alimwambia zikichanika mara ya tatu, pikipiki atapewa mwingine, na yeye atakagua ngano kwa miguu. Shamba lenyewe ukisimama mwanzo wake, mwisho huuoni.

Mimi niko kidato cha pili na kichwa changu hakilali, isipokuwa kipindi cha hesabu. Nikawaza: vumbi linazuiwa na nguo, basi shokapu zinahitaji suruali. Asubuhi hiyo mama alikuwa ameshakamua, na ngozi ilikuwa juu ya ua, imekaa tu. Niliipaka siagi ilainike, nikazungushia kila shokapu kipande, manyoya nje, nikaacha mikunjo ili vyuma vipate kucheza, nikafunga juu na chini kwa katani. Pikipiki ikapendeza. Ilifanana na mzee aliyevaa soksi za baridi.

Baba alikwenda nayo siku nzima, akarudi mweupe kwa vumbi mpaka kope. Akafungua ngozi, akapitisha kidole kwenye chuma: kikavu. Alinitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuipata, wala sijaipata tena.

Heshima hiyo iliisha asubuhi. Mama alikwenda kukamua, akatafuta ngozi, hakuiona. Ng'ombe alibana. Mdogo wangu akaanza kulia, mama akaanza kuniita kwa jina langu la ubatizo, ambalo hutumika kwenye ajali tu. Kabla sijafika, ng'ombe alikwishanusa. Alimburuta mama na kamba yake hadi kwenye pikipiki, akaanza kuilamba shokapu ya kulia kwa mapenzi makubwa. Mama hakupoteza muda. Alivuta ndoo, akachuchumaa pale pale, maziwa yakaja.

Baba alitoka na kofia yake akakuta chombo cha kazi kinanyonyesha. Mama akamwambia avue hizo ngozi. Baba akasema hazivuliwi, kazi yake imening'inia hapo. Wakakubaliana kila asubuhi baba asiondoke mpaka mama amalize kukamua, na mama akawa anaziongezea chumvi. Baba alilalamika kwamba chumvi inakula chuma. Mama alimjibu kwamba mtoto naye anakula.

Siku ya nne bosi alikuja na Landrova kuuliza kwa nini mnyapara wake anachelewa. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikuwa anamwangalia ng'ombe. Baadaye aliinama, akafunua ngozi, akagusa chuma. Hakukuwa na tone la oili. Akasema pikipiki ibaki kwa baba, ila kuanzia kesho saa kumi na mbili kamili awe shambani. Baba akasema ndiyo, mzee.

Mama aliiangalia Landrova mpaka ilipoishia kwenye kona. Kisha akanigeukia, wala hakupandisha sauti:

"Kesho baba yako anaondoka na ngozi kabla sijakamua. Kwa hiyo vua shati nikupake chumvi mgongoni, tuone kama ng'ombe atakukubali. Na akikulamba usicheke, atashtuka abane."