Kioo Kilichomtangulia Mtoza Kodi

Miaka ile ya Zaire, mama mmoja aliuza vioo kwenye mlango wa soko letu la Bunia. Akimwona mtoza kodi, aliinamisha kioo kidogo tu, na doa la jua likapita juu ya meza za ndani. Papo hapo vitenge vya Uganda visivyo na karatasi viliingia chini ya magunia ya mihogo. Hakuna aliyefungua kinywa.

Asubuhi moja nilikuwa pale nachagua kioo cha kunyolea. Mtoza kodi akasimama nyuma yangu, macho yake kwenye mikono ya mama. Sasa mama hakuweza kuinamisha kioo. Huko ndani vitenge vilikuwa wazi juu ya meza.

“Sitwayene,” akasema, maana miaka ile mwanamke aliitwa hivyo, yaani raia, “ni weye njo unaambiaka benzako na hii kioo?”

“Hapana, papa. Miye niko nauzisha tu.”

“Leta ile kubwa. Itabakia ku biro yetu ya kodi.”

Mama alimpa bila kubisha.

Yule bwana akakibana kioo kwapani, uso wa kioo mbele, akaingia sokoni kwa mwendo wa mkubwa akielekea jua. Doa pana kama sinia likamtangulia, likiruka meza kwa meza. Alipofika kwenye vitenge, alikuta mihogo.

Alirudi na jasho. “Nani aliwaambia?”

Mama alikitazama kile kioo kwapani mwake, kisha akatazama chini. “Sijue, papa.”

Watu hulalamika kwamba serikali haitupashi habari mapema. Miye nilishaiona ikizileta kwa mkono wake.